Jioni Ulikaa Wapi

Mwezi wa pili alikuja na homa.
Benchini walikuwa wagonjwa arobaini na mmoja,
umeme ulipotea Kawangware nzima tangu alfajiri,
na hadubini bila taa ni chuma tu.
Nikamwandikia dawa za malaria.
Meza na kitu chenye mafuta, nikasema.
Asante, daktari, akasema.
Mimi si daktari. Mimi ni tabibu wa zahanati ya mabati,
na siku hiyo hata utabibu ulikuwa umeniponyoka.

Mwezi wa tatu Kavinya, mwenzangu, akamwandikia ya taifodi.

Mwezi wa nne akaingia ameshika suruali kwa mkono mmoja.
Mshipi aliutoboa matundu mapya kwa msumari,
manne, yamepinda.
Limakori Lotulya, mlinzi wa usiku
kwenye ghorofa za Lavington, ng'ambo ya barabara
na ng'ambo ya mengine mengi.
Sare ya kampuni ilimning'inia kama imeanikwa.
Akasema, Bosi anadhani ninalala kazini.
Silali. Ninaisha.

Dalili ya mvua ni mawingu, ndiyo,
lakini homa ni wingu la mvua nyingi,
na hapa Nairobi, kwenye baridi hii yetu,
homa nyingi si wenyeji.
Zimetoka safari, hazijafungua mizigo.
Hayo niliyajua. Niliyafanyia mtihani nikapita.

Nikamlaza.
Vidole vyangu vikaingia chini ya mbavu za kushoto
vikitarajia ulaini,
vikakuta bandama limeteremka mpaka karibu na kitovu,
gumu, lenye ukingo kama wa sufuria.
Nikafunua kiganja chake: cheupe.
Mkono wangu ukanyamaza hapo hapo.

Krismasi ulikuwa wapi?
Nyumbani. Kacheliba.
Ulilala nje?
Kwa joto lile, nani alale ndani?
Na jioni, kabla ya kulala, ulikaa wapi?
Akacheka, kwa maana ni swali la mtoto.
Juu ya kichuguu. Pale naona mbuzi wote.

Mbu angalau hubisha hodi sikioni.
Usubi hana adabu hiyo.
Ni punje ya vumbi yenye mabawa,
hushinda ndani ya nyufa za kichuguu,
na jua likizama hutoka,
akakuta miguu mitupu ya mtu anayehesabu mbuzi.
Miezi inapita. Mtu amesharudi langoni kwake mjini,
tochi mkononi, akilinda magari ya watu,
na mwizi yuko ndani ya bandama.

Kipimo hatukuwa nacho.
Nikapiga simu tatu, ya nne ikapokelewa.
Hospitali kubwa wakamtoa tone moja la damu,
wakangoja dakika kumi:
mistari miwili, rangi ya zambarau iliyofuliwa sana.
Kala-azar, nikaandika kitabuni,
na juu yake, kwenye safu ya mwezi wa pili,
mwandiko wangu mwenyewe ukinitazama.

Sindano mbili kila siku, siku kumi na saba.
Alizihesabu kama zamu.
Siku ya tisa aliomba ugali, akaomba mwingine.
Siku ya kumi na saba nilimkuta amekaa kitandani
na mshipi umerudi tundu moja.
Moja tu. Alinionyesha kwa kidole
kama mtu anayeonyesha kiwanja alichonunua.
Hakuniuliza kuhusu mwezi wa pili.
Ningependa angeniuliza.

Jana umeme ulipotea tena.
Mama mmoja akakaa mbele yangu, mtoto anachemka mapajani,
na kalamu yangu ilikuwa imeshaandika *mal*
kabla sijaikamata.
Nikaiweka chini. Foleni ikaguna.
Mama, nikasema,
likizo mlikuwa wapi?
Akashangaa, akaanza kunieleza, polepole,
tangu mwanzo.